Valvu Husingiziwa: Ufufuaji wa Redio za Kabati Mkoani Singida

Redio ya kabati ni jina linalofaa kupewa mashine za kupokelea matangazo zilizotengenezwa, kwa sehemu kubwa, kati ya miaka ya 1930 na katikati ya miaka ya 1960, zikiwa ndani ya sanduku la mbao lenye upana wa meza ndogo au hata kimo cha kabati la vyombo, na zikitumia valvu, yaani vichupa vya kioo vilivyoondolewa hewa ndani, mahali pa transista zilizokuja baadaye. Mkoani Singida mashine hizo hazikuweza kuenea kama zilivyoweza kuenea katika miji ya pwani, na sababu yake si bei peke yake: redio ya kabati ya kawaida ilihitaji umeme wa waya, nao umeme huo ulichelewa mno kufika katika nyanda hizi kavu za katikati ya nchi. Kwa hiyo mtu anayekutana leo na redio ya namna hiyo, iwe katika stoo ya misheni, katika duka la zamani au katika urithi wa mtumishi wa serikali aliyestaafu, hana budi kujiuliza swali moja kabla hajashika bisibisi: redio hii ilikuwa ikila umeme gani? Jibu la swali hilo hueleza jinsi ilivyotumika, jinsi ilivyoharibika na jinsi inavyoweza kurudishiwa sauti, na mafundi wengi huziua mashine nzima kwa kulikwepa.

Utangazaji wa Tanganyika ulianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, kituo kidogo kilichowafikia kwanza wakazi wa mji huo na maeneo ya jirani. Mwaka 1956 kikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 serikali ikakichukua na kukiita Radio Tanzania Dar es Salaam. Kutoka Dar es Salaam hadi mjini Singida ni takribani kilomita 700 kwa barabara, umbali ambao mawimbi ya kati, yaani yale ambayo mchana husafiri kwa kushikamana na ardhi, hayawezi kuuvuka yakiwa na nguvu ya kutosha kusikilizwa kwa raha. Kilichowafikia wasikilizaji wa mbali kilikuwa mawimbi mafupi, ambayo hupanda angani, hurudishwa na tabaka la juu lenye chembe za umeme, kisha huanguka mamia ya kilomita kutoka yalikorushwa. Ndiyo maana Radio Tanzania ilijulikana kwa miaka mingi kwa masafa ya kilohezi 5,050, katika ukanda wa mita 60 uliotengwa kwa ajili ya nchi za joto. Mawimbi mafupi hayo hayo ndiyo yaliyoleta matangazo ya Kiswahili kutoka Cairo tangu mwaka 1954, ya BBC kutoka London tangu mwaka 1957 na ya Deutsche Welle tangu mwaka 1963. Mwaka huo wa 1963 Walutheri nao walifungua huko Addis Ababa kituo chao kikubwa, ambacho vipindi vyake vya Kiswahili viliandaliwa katika studio ya Sauti ya Injili mjini Moshi, mpaka serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilipokitwaa mwaka 1977. Kwa Singida habari hiyo ya mwisho si ya pembeni, kwa kuwa Iramba, mkoani humu, ilikuwa eneo la kazi la misheni ya Augustana ya Walutheri wa Marekani tangu miaka ya 1920, na vituo kama Ruruma, Kinampanda na Kiomboi ni miongoni mwa mahali ambapo mtafutaji wa redio za zamani angeanzia bila kupoteza nauli.

Hapo linajitokeza jambo la kwanza ambalo mnunuzi hupaswa kulitazama kwenye uso wa redio. Redio zilizotengenezwa kwa ajili ya wasikilizaji wa Ulaya zilikuwa na ukanda wa mawimbi marefu, uliohesabiwa kati ya kilohezi 150 na 285 hivi, na kioo chake kimeandikwa majina kama Hilversum, Luxembourg na Droitwich. Afrika Mashariki haikuwa na vituo vya ukanda huo, hivyo theluthi nzima ya kioo ni pambo tu. Redio zilizotengenezwa kwa soko la makoloni zilifuta mawimbi marefu na kuongeza kanda mbili au tatu za mawimbi mafupi, na baadhi yake zilifanyiwa matayarisho ya nchi za joto, maana yake koili na transfoma zake zililoweshwa nta au vanishi ili unyevu usipenye. Redio ya aina hii ya pili, hata ikiwa na sura ya kawaida, ndiyo yenye thamani zaidi kwa historia ya mahali hapa.

Kuhusu umeme wenyewe, mji wa Singida uliunganishwa na gridi ya taifa katika miaka ya 1980, wakati njia ya msongo wa kilovolti 220 ilipojengwa kutoka Iringa kupita Dodoma na Singida kuelekea Shinyanga na Mwanza. Kabla ya hapo umeme ulikuwa wa jenereta, na nje ya mji haukuwapo kabisa isipokuwa kwa mwenye mashine yake. Maana yake ni kwamba zama zote za valvu zilikwisha kabla waya wa gridi haujafika, na kwamba redio nyingi za valvu zilizoweza kutumika vijijini zilikuwa za betri. Mfano unaojulikana zaidi wa redio hizo katika upande huu wa Afrika ni ile iliyobuniwa mwaka 1949 kwa ajili ya wasikilizaji wa kituo cha Lusaka, Rhodesia ya Kaskazini, ambako Harry Franklin, mkuu wa habari wa serikali ya huko, aliishawishi kampuni ya Ever Ready ya Uingereza itengeneze redio ya valvu nne ndani ya ganda la sufuria ya alumini. Iliuzwa kwa pauni tano, na betri yake, iliyouzwa peke yake kwa shilingi 25, ilidumu kwa saa zipatazo 300.

Redio ya betri ilikuwa na betri za namna mbili, na fundi asiyejua hilo huiunguza kwa sekunde moja. Betri ya kwanza, yenye volti 1.5, iliwasha nyuzi za ndani ya valvu ili zipate moto. Ya pili, yenye volti 90, ilivuta chembe za umeme kutoka kwenye uzi huo wa moto hadi kwenye bamba la chuma linaloitwa anodi. Mtu akikosea waya na kuzipeleka volti 90 kwenye nyuzi zilizoundwa kubeba volti 1.4, valvu zote nne hufa kwa pamoja, wala hakuna namna ya kuzitengeneza. Betri za volti 90 zimetoweka madukani, lakini mbadala wake unapatikana kirahisi: betri bapa kumi za volti 9, zikifuatanishwa chanya kwa hasi, hutoa volti 90 kamili, na kwa kuwa redio nzima hunyonya kutoka upande huo miliampia kumi na kidogo tu, zinaweza kuiendesha kwa saa nyingi. Upande wa nyuzi ndio mlafi. Valvu za mwanzoni, kama DK91, DF91, DAF91 na DL92, hula jumla ya miliampia 250, ilhali zile za mfululizo wa 96 zilizofuata hula nusu ya hizo, kwa hiyo betri kubwa ya tochi hutosha kwa vipindi vichache vya jioni. Wapo wanaopendelea kutumia kifaa kidogo cha kupandishia volti kutoka kwenye betri ya sola, ambayo siku hizi imeenea mno katika vijiji vya Ikungi na Mkalama. Njia hiyo ni ya bei nafuu, ila vifaa hivyo vingi hutoa mlio unaofunika vituo dhaifu, na mtu hujikuta ameifufua redio ili asikilize kifaa kinachoilisha.

Kati ya betri na umeme wa waya kulikuwa na redio za aina ya tatu, zilizotumia betri ya gari ya volti 6 au 12. Ndani yake kulikuwa na kifaa kinachotetemeka, chenye ulimi wa chuma unaokata na kuunga umeme zaidi ya mara mia kwa sekunde, ili transfoma iweze kuupandisha, kwa sababu transfoma haipandishi mkondo mnyoofu, yaani ule unaoelekea upande mmoja tu bila kugeuka. Kifaa hicho huvuma kikiwa hai. Kikinyamaza, kwa kawaida ncha zake zimeota kutu, na kipande cha msasa laini hukirudishia kazi.

Namna rahisi ya kuitambua redio isiyo na karatasi ya maelezo ni kusoma majina ya valvu zake, maana watengenezaji wa Ulaya walikubaliana kwamba herufi ya kwanza itaje chakula cha uzi wa moto. Herufi D ni ya betri, volti 1.4. Herufi E ni ya volti 6.3, na redio yenye valvu kama ECH81, EF89, EABC80 na EL84 karibu kila mara ina transfoma inayoitenga na umeme wa ukutani. Herufi U ni hatari inayotaka heshima: nyuzi za valvu hizo, kwa mfano UCH42 na UL41, hufuatanishwa katika mnyororo mmoja unaopitisha miliampia 100 moja kwa moja kutoka kwenye soketi, bila transfoma, ili redio iweze kutumia mkondo mnyoofu wa jenereta ndogo pamoja na mkondo geu wa mjini. Katika redio hizo chasisi, yaani sinia la chuma linalobeba vipuri vyote, imeungwa na mmoja wa waya wawili wa umeme, na plagi ikigeuzwa chasisi nzima inabeba volti 230. Kitasa cha plastiki kikivunjika, mhimili wa chuma uliobaki unatosha kumuua mtu anayeukamata kutafuta kituo.

Wamarekani walitumia utaratibu mwingine, ambamo tarakimu za mwanzo hutaja volti za uzi. Redio yao ya mezani iliyouzwa kwa wingi zaidi baada ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa na valvu tano, 12BE6, 12BA6, 12AV6, 50C5 na 35W4, na mtu akijumlisha 12.6 mara tatu, kisha 50 na 35, anapata takribani volti 123, zinazokaribiana na umeme wa kwao. Redio ya namna hiyo iliyokuja na mzigo wa mmisionari haina transfoma wala kinga; ikichomekwa kwenye soketi ya Tanzania huwaka kwa mwanga mweupe mara moja, na habari yake huishia hapo. Hata redio za Philips na nyinginezo za Ulaya zina kiteuzi cha volti nyuma, chenye nafasi kama 110, 127, 145, 200, 220 na 245, na fundi mwenye busara huhakikisha kimewekwa kwenye namba ya juu zaidi, kwa sababu umeme wa mwisho wa laini hupanda na kushuka, na volti chache pungufu huongeza umri wa valvu kuliko volti chache za ziada.

Baada ya utambuzi huo ndipo kazi yenyewe huanza, na huanza kwa kuvunja dhana iliyozoeleka. Kwa kuwa valvu ndizo zinazoonekana na kuwaka, lawama zote huangukia kwao, na mwenye redio hutumia miezi kuuliza valvu zinapatikana wapi, ilhali aghalabu zilizomo bado zinafaa. Valvu ya sauti ikitumiwa kwa adabu hufanya kazi maelfu ya saa. Kinachokufa kiko chini ya chasisi, hakionekani bila kuigeuza, na bei yake ni ndogo: ni kapasita, vipuri vinavyohifadhi umeme kati ya tabaka mbili za chuma zilizotenganishwa na kitu kisichopitisha umeme. Katika redio za zamani kitu hicho kilikuwa karatasi iliyoloweshwa nta, na karatasi hunyonya unyevu na kugeuka chachu ndani kwa ndani, kiasi kwamba kapasita iliyopaswa kuzuia mkondo mnyoofu huanza kuuvujisha. Aina ya pili, ile ya elektroliti, ina tabaka jembamba mno la oksidi ya alumini linalodumishwa na umeme wenyewe. Ikikaa miaka bila kutumiwa tabaka hilo hudhoofika, na maji yaliyomo hukauka.

Hali ya hewa ya Singida inaingia katika hesabu hapa. Mkoa upo katika mwinuko unaofikia takribani meta 1,500 mjini, una msimu mmoja wa mvua kati ya Novemba au Desemba na Aprili, na hupata milimita 500 hadi 800 kwa mwaka. Redio iliyokaa miaka 50 Kiomboi ni kavu kuliko ile iliyokaa Tanga au Unguja, chasisi yake ina kutu kidogo, koili zake hazijaliwa na chumvi ya bahari na transfoma zake huelekea kuwa nzima, jambo lililo muhimu kupita mengine kwa sababu transfoma ndicho kipuri kigumu zaidi kupatikana. Ukavu huo huo, hata hivyo, hukausha kapasita za elektroliti na kuikatisha gundi ya ngozi za wanyama iliyoshikilia vinia, ile karatasi nyembamba ya mbao ya thamani inayofunika sanduku. Na yapo maadui wasiojali hali ya hewa: panya, ambaye hutafuna karatasi ya spika na nyuzi zenye ngozi ya mpira, na mchwa, ambaye huingia kupitia miguuni na kuacha sanduku likiwa na umbo bila nyama.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuichomeka redio ili kuona kama inafanya kazi. Redio iliyolala kwa miongo mitatu ikipewa volti 230 kwa ghafla hupitisha umeme mwingi katika kapasita zilizodhoofika, na mkondo huo huunguza rektifaya, yaani valvu inayonyoosha mkondo geu, kisha transfoma. Utaratibu ulio salama ni kuifungua ikiwa haina umeme, kupuliza vumbi, kutafuta waya ulioachwa uchi na dalili za kuungua, kisha kupima kwa mita ukinzani wa nyuzi za transfoma na kati ya njia ya volti kubwa na chasisi. Usomaji ulio chini ya kilo-omu chache katika njia hiyo unaonyesha shoti ambayo ni lazima ipatikane kwanza. Baada ya hapo redio huunganishwa na umeme kupitia balbu ya zamani ya waya, ya wati 40 au 60, iliyowekwa katika mfululizo na waya mmoja wa umeme: balbu ikiwaka kwa nguvu zote redio ina shoti, na umeme mwingi umebaki kwenye balbu badala ya kuunguza transfoma; ikiwaka kwa muda mfupi kisha ikafifia, kuna matumaini. Balbu za kisasa za LED hazifai kwa kazi hii, na mafundi walioanza kazi karibuni hushangaa kwa nini kipimo chao hakisemi kitu. Vilevile haifai kusahau kwamba kapasita kubwa hubaki na volti 250 au zaidi hata baada ya plagi kung'olewa, na ni lazima zimalizwe umeme kupitia rizista, si kwa bisibisi.

Kapasita moja inastahili kutangulizwa mbele ya nyingine zote. Iko kati ya valvu inayokuza sauti ndogo, tuseme EABC80, na valvu ya kusukuma spika, tuseme EL84, na thamani yake kwa kawaida ni mikrofaradi 0.01 au 0.02. Kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia volti kubwa za anodi ya valvu ya kwanza zisiifikie gridi ya valvu ya pili. Gridi ni wavu mwembamba unaoongoza wingi wa elektroni kwa volti hasi ndogo, kama bawabu wa mlangoni anayeamua nani aingie. Kapasita ikivujisha umeme kidogo tu, gridi hupata volti chanya, elektroni humiminika bila kizuizi, anodi ya EL84 huwa nyekundu kwa moto, na baada ya dakika chache transfoma ya spika hukatika. Redio yenye hitilafu hii husikika ikiimba vizuri kwa muda kisha sauti inakuwa nzito na ya kukwaruza, na ndiyo sababu wengi huihukumu valvu. Fundi anayeweka ncha ya mita kwenye gridi hiyo na kukuta volti chanya, hata mbili tu, hana haja ya kutafuta zaidi. Na hata akikuta sifuri ni afadhali aibadilishe, kwa sababu gharama yake ni ndogo kuliko soda.

Vipuri mbadala vipo Singida kwa yule anayejua kuvitambua. Televisheni za chogo, zilizotupwa kwa wingi baada ya runinga bapa kuingia, zina kapasita za plastiki za volti 400 na 630 zinazochukua nafasi ya zile za karatasi bila tatizo, na zina za elektroliti za volti 400 au 450. Balbu za kubana matumizi zilizokufa nazo zina kapasita ndogo za elektroliti za volti 400, ingawa hizo nyingi zimechomwa na joto la balbu yenyewe na hazistahili kuaminiwa bila kupimwa. Ni muhimu pia fundi asidhani kwamba kubwa ni bora: valvu ya kunyoosha EZ80 inaruhusiwa kapasita ya kwanza isiyozidi mikrofaradi 50, na anayefunga ile ya mikrofaradi 220 aliyoing'oa kwenye televisheni huipunguzia valvu hiyo maisha kila anapowasha. Redio nyingi za Ujerumani za miaka ya 1950 hutumia rektifaya ya seleniamu, iliyo bapa na yenye mapezi. Ikiungua hutoa harufu mbaya sana na moshi wenye sumu, kwa hiyo hubadilishwa kwa diodi za kisasa pamoja na rizista ya kushusha volti zilizozidi.

Hatua ya kulinganisha koili, ambayo wengi huikimbilia, inastahili kuachwa. Redio hizi huchanganya wimbi lililopokewa na wimbi linalotengenezwa ndani, ili vituo vyote vigeuzwe kuwa masafa mamoja yasiyobadilika, yaliyo karibu na kilohezi 455 hadi 470 kutegemea mtengenezaji, na koili za kazi hiyo zilipangwa kiwandani kwa vipimo. Koili hazihami zenyewe. Anayezungusha skrubu zake kwa sababu redio haisikiki huongeza ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza, na huo wa pili hautibiki bila jenereta ya mawimbi.

Kazi ya nje inavumilia mikono ya kawaida. Uzi unaovuta sindano ya kioo, ukikatika, hubadilishwa kwa uzi wa kusuka wa nyavu, ule unaotumiwa na wavuvi wa ziwa Kitangiri au Kindai, wala si mshipi laini wa nailoni, ambao huteleza na kurefuka. Karatasi ya spika iliyochanika huzibwa kwa karatasi nyembamba na gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji. Vinia iliyobanduka hushikizwa upya kwa gundi na kubanwa usiku kucha, na sanduku lililofifia hupakwa nta ya nyuki, ambayo wafugaji wa nyuki wa Manyoni na Itigi wanayo kwa wingi, ikiyeyushwa pamoja na tarpentaini mbali na moto wa wazi. Vanishi nzito inayong'aa huficha kila kosa la mbao, lakini hufuta pia umri wake, na mwenye kuijua redio huona mara moja kwamba imepakwa kama kitanda kipya.

Redio ikishasimama, swali linalobaki ni la nini kitasikika ndani yake. Mawimbi mafupi yamepungua vituo lakini hayajaisha, na sauti ya Zanzibar kwenye kilohezi 11,735, katika ukanda wa mita 25, ilikuwa kwa miaka mingi kipimo kizuri cha redio iliyofufuliwa bara. Usiku ndio wakati wa mawimbi ya kati. Kelele za siku hizi hutoka kwenye chaja za simu, balbu za LED na vifaa vya sola, na kuzima vyote ndani ya nyumba husaidia kuliko antena ndefu. Redio nyingi za Ujerumani zilizotengenezwa baada ya mwaka 1949 zina ukanda wa FM, ila aghalabu huishia megahezi 100 au 104, hivyo vituo vilivyo juu ya hapo haziwezi kuvifikia.

Mafundi wengine hutatua upungufu huo kwa kung'oa chasisi nzima na kupachika ndani ya sanduku mashine ya sabufa yenye bluetooth, kitendo ambacho hakina ubaya mkubwa ikiwa sanduku pekee ndilo lililobaki, lakini ni uharibifu mtupu pale chasisi inapokuwa nzima, kwa sababu nyuma ya karibu kila redio ya kabati kuna matundu mawili ya gramafoni yaliyowekwa ili kupokea sauti kutoka nje. Simu ikiunganishwa hapo kwa waya wenye kapasita mbili ndogo, muziki hupita katika valvu na spika ya redio yenyewe. Sharti ni moja: redio iwe ya valvu za herufi E, yenye transfoma. Katika redio za herufi U matundu hayo yametengwa na umeme wa ukutani kwa kapasita mbili za zamani tu, na zikivuja, mwenye kushika simu anashika soketi. Kwa redio hizo simu isiunganishwe mpaka kati ya redio na ukuta iwekwe transfoma ya kutenganisha ya wati 100 hivi, yenye volti 230 pande zote mbili, ambayo hupatikana kwa kuagiza mijini au kwa kumpa fundi wa kusuka mota asuke upya transfoma ya mashine iliyokufa.